Irente, Magamba, Mtae au Amani: Ukiwa na Siku Chache Usambara, Uende Wapi?

Ukishuka Mombo kwenye basi la Arusha au la Dar es Salaam, Usambara iko juu ya kichwa chako: ukuta wa mlima unaoinuka palepale uwanda unapoishia. Wengi hufika hapo wakiwa na picha moja tu kwenye simu, ile ya mtu aliyekaa ukingoni mwa jabali la Irente. Hawajui kwamba ndani ya milima hii kuna sehemu nne kubwa za kupanda, na hazifanani hata kidogo.

Sehemu hizo ni Irente, karibu na mji wa Lushoto. Msitu wa Magamba, juu ya mji huohuo. Mtae na jirani yake Mambo, kwenye ncha ya kaskazini. Na Amani pamoja na kilima chake cha Mbomole, upande wa Muheza. Tatu za kwanza ziko Usambara Magharibi. Ya nne iko Usambara Mashariki, na kati ya safu hizi mbili limelala Bonde la Lwengera.

Kabla ya kupima chochote, jiulize swali moja: unataka kuona mbali, au unataka kuwa ndani ya msitu? Watu hudhani watavipata vyote mahali pamoja, na hapo ndipo wanapochagua vibaya. Usambara haitoi vyote viwili kwa urahisi, na sababu ni upepo na jembe. Upepo wa mvua hutoka Bahari ya Hindi, hupiga milima kwa upande wa bahari na kumwaga maji mengi huko. Ukishavuka vilele umebaki mkavu, ndiyo maana chini ya ukingo wa magharibi na wa kaskazini kuna nyika tupu hadi macho yanapokoma. Ukingo huo ndio wenye mandhari ya mbali. Lakini maeneo mengi ya ukingoni yamelimwa kwa vizazi na vizazi: mahindi, maharage, migomba, viazi, kabichi. Msitu wa asili umebaki ndani ya hifadhi, kule juu kwenye ukungu wa Magamba na kule Amani kwenye mvua nyingi, na humo majani yanakufunika. Penye mandhari ndefu, msitu umepungua. Penye msitu mnene, utaona mita ishirini mbele yako.

Ukishalijibu swali hilo kwa ukweli, mengine ni ya kupanga tu.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima sehemu zote nne kwa mambo yaleyale: unachokiona ukifika, kazi ya miguu, usafiri, mwongozaji na malipo, hali ya hewa, na pa kulala na kula. Sijaweka alama wala nafasi ya kwanza na ya pili, kwa kuwa kigezo kinachomwamulia mzazi mwenye watoto wawili si kile kinachomwamulia kijana mwenye begi la mgongoni na wiki nzima.

Unachokiona

Irente ni ukingo mtupu. Unatembea kati ya mashamba na nyumba za watu, kisha ghafla ardhi inakatika. Chini yako, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde na uwanda wa Mombo: mistari ya mkonge, reli ya Tanga kwenda Moshi, barabara kuu yenye malori yanayoonekana kama chembe za mchele. Baada ya hapo ni nyika ya Wamasai, kavu na pana. Ukingo umeelekea machweo, kwa hiyo watu wengi huja jioni. Mimi napendekeza asubuhi. Jua likiwa nyuma yako linauangaza uwanda wote na unaona hadi mipaka ya mashamba. Jioni jua linakupiga usoni na vumbi linaficha nusu ya kile ulichokuja kukitazama. Anayetaka picha ya anga jekundu aende jioni. Anayetaka kuona nchi aende asubuhi.

Magamba ni kinyume chake. Hapa umefika kutazama miti. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba inapanda hadi karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na katika urefu huo hewa ni ya baridi, vigogo vimevaa kuvu na ndevu za ukungu, na mikulo, miti mikubwa ya asili ya milima hii, imesimama tangu kabla ya mtu yeyote tunayemfahamu kuzaliwa. Mbega weusi wenye manyoya meupe hupita juu. Kima nao wapo. Kwa wapenzi wa ndege, Usambara Magharibi ina ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani, na Magamba ni moja ya sehemu za kuwatafuta. Yapo maeneo ambapo msitu unafunguka na kukuonyesha mabonde ya Lushoto, ila usiende kwa ajili hiyo. Siku nyingi utakuta ukungu umetangulia.

Mtae ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa macho peke yake. Kijiji kimejipanga juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na ardhi inaporomoka pande zaidi ya moja. Kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na ng'ambo yake nyanda za Tsavo nchini Kenya. Magharibi imesimama milima ya Upare. Asubuhi ikiwa safi, Kilimanjaro hutokea kwa mbali, na kabla jua halijapanda sana wingu huwa limeshaufunika. Mambo, kijiji jirani, kiko juu ya ukingo huohuo na kina mandhari ya namna hiyo. Tofauti na Irente ni kwamba hapa hukiangalii kipande kimoja cha uwanda: nchi imekuzunguka.

Amani inaonyesha sura nyingine kabisa ya Usambara. Hifadhi inaanzia chini, karibu mita 190, na kuishia kama mita 1,130, kwa hiyo ni msitu wa joto na unyevu, wenye miti mirefu na mizabibu ya porini inayoning'inia. Ilitangazwa mwaka 1997, ikawa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini. Ndani yake kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, yenye miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia kwa majaribio ya kilimo. Bustani hiyo ina historia ya kusikitisha kidogo: baadhi ya miti ya kigeni ilitoka nje ya mipaka yake, na mti wa Maesopsis umeenea msituni hadi kuisumbua miti ya asili. Mwongozaji mzuri atakuonyesha wapi umefika, na ukishaujua hutaacha kuuona. Ukipanda Mbomole, unatazama mashamba ya chai ya kijani kibichi yaliyopakana na msitu wa kijani kizito, kilima baada ya kilima. Si mandhari ya kushtua kama Irente. Ni mandhari ya kukaa nayo.

Na kwenye miamba yenye kivuli, ukiwa na bahati, utaona ua dogo la zambarau ambalo leo liko kwenye madirisha ya nyumba nyingi Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake Ujerumani, na likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Kwao ni hapa. Usiling'oe.

Kazi ya miguu

Irente ndiyo nyepesi. Kutoka mjini Lushoto ni mwendo wa saa moja na nusu au mbili kwa mtu asiye na haraka, njia pana, mlima wa wastani. Mtoto wa darasa la tatu anafika, bibi mwenye fimbo anafika akipumzika. Hatari yake iko mwishoni, kwani ukingo ni jabali wazi na miguu ya mtu huvutwa na macho. Mtoto ashikwe mkono kuanzia hatua hamsini kabla.

Magamba inachukua nusu siku au zaidi. Si ndefu kwa kilomita, ila uko juu, pumzi hukatika mapema kwa mtu aliyetoka pwani jana yake, na mizizi na utelezi hukulazimisha kutazama unapokanyaga. Viatu vya raba vyenye soli iliyolika havifai hapa.

Mtae yenyewe haina kazi ukifika kwa gari. Unatembea kijijini na ukingoni. Kazi ipo kwa wanaokwenda kwa miguu kutoka Lushoto, safari ya siku tatu au nne kupitia Magamba na kijiji cha Rangwi, ukipanda na kushuka mabonde kila siku. Hiyo ndiyo njia pekee kati ya zote nilizotaja inayokupa msitu na mandhari ya mbali katika safari moja: siku ya kwanza umo ndani ya miti, siku ya mwisho umesimama juu ya Mkomazi. Kwa mwenye muda na magoti mazima, hii ni safari ya kuikumbuka maishani.

Amani una njia nyingi za kuchagua. Mbomole ni ya asubuhi moja. Kutoka Sigi, lango la chini, hadi Amani juu ni kupanda kwa saa kadhaa kwenye joto na jasho, na hapo ndipo watu hukosea kuhesabu maji ya kunywa. Wanafikiri mlimani ni baridi. Sigi si baridi.

Usafiri

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami yenye kona nyingi, kupitia Soni. Kosta na gari ndogo hupanda siku nzima, na yapo mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Anayesumbuliwa na tumbo garini akae mbele na asile chakula kizito Mombo. Ukishafika Lushoto, Irente ni miguu au bodaboda, na Magamba ni gari fupi kwenye barabara ya kupanda kutoka mjini.

Mtae iko zaidi ya kilomita 50 kutoka Lushoto na barabara ni ya mlimani. Mabasi yapo, lakini si kila saa, na mengi hushuka alfajiri na kupanda mchana ili kuwahudumia wanaokwenda sokoni. Ukiikosa safari ya siku hiyo umelala. Kwa hiyo Mtae si ya kwenda na kurudi siku moja, hata kama ramani ya simu inakwambia ni saa mbili.

Amani, unashuka Muheza. Kutoka hapo ni kama kilomita 35, sehemu ya mwisho ikiwa ya mawe na tope, na mvua ikinyesha gari dogo la chini halipandi. Usafiri wa abiria ni mchache, na ratiba yake inafanana na ya Mtae: kushuka alfajiri, kupanda mchana.

Sasa hilo la ramani. Wageni wengi hupanga Lushoto leo na Amani kesho asubuhi kwa kuwa zinaonekana kukaribiana. Hakuna njia ya mkato ya gari inayofaa kuitegemea. Unashuka hadi Mombo, unapita Korogwe na Segera, unafika Muheza, ndipo unapanda tena. Itengee siku nzima.

Mwongozaji na malipo

Irente haiko ndani ya hifadhi ya msitu, na njia inaulizika: kila utakayekutana naye anaijua. Mwongozaji si lazima, ila akiwepo utapitishwa njia za mashambani badala ya barabara ya vumbi, na hiyo ni tofauti kubwa.

Magamba na Amani ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuna kiingilio, na kiwango cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, kwa simu au benki. Hakikisha simu ina salio na chaji kabla ya kufika langoni. Mwongozaji ndani ya hifadhi hizi si anasa. Ukungu wa Magamba unaweza kufunga njia kwa dakika kumi, na Amani njia za wapasua mbao wa zamani huingiliana na njia za wageni.

Mtae kwa gari unaweza kwenda mwenyewe. Kwa miguu kutoka Lushoto, chukua mtu. Mjini Lushoto kuna ofisi za utalii wa kitamaduni karibu na stendi. Andikishianeni kabla ya kuondoka nini kimo kwenye bei: malazi, chakula, kiingilio cha msitu, na nauli ya kurudi. Migogoro mingi huanzia kwenye nauli ya kurudi. Kuna vijana wanaokupokea stendi wakidai wametumwa na ofisi; waambie kwa upole kwamba utakwenda mwenyewe ofisini.

Mvua, ukungu na jua

Masika ya Machi hadi Mei hufanya njia zote kuwa tope, na Amani inaathirika zaidi kwa sababu ya barabara. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nyepesi na msitu unapendeza.

Juni hadi Agosti ndicho kipindi watu huchanganyikiwa. Ni kiangazi, hivyo njia ni kavu, lakini Lushoto na Magamba huwa na baridi kali usiku na wingu zito asubuhi. Ukienda Irente siku ya namna hiyo subiri hadi saa nne au saa tano, wingu likipanda ndipo uwanda unafunguka. Septemba na Januari hadi Februari anga huwa rafiki zaidi kwa Irente na Mtae, ingawa vumbi la nyika huleta utusitusi wa mbali. Amani haina mwezi ulio mkavu kweli. Koti la mvua ni la mwaka mzima huko.

Usiku huingia haraka milimani. Saa kumi na mbili na nusu jioni bado unaona, saa moja na robo giza. Ukitazama machweo Irente, uwe na tochi au umeshapatana na bodaboda wa kukurudisha.

Kulala na kula

Lushoto ina nyumba za wageni za kila bei, hivyo Irente na Magamba hazina shida. Pale Irente kuna shamba la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri linalotengeneza jibini, mkate na jamu, na chakula chake cha mchana kinastahili safari yenyewe. Soko la Lushoto lina plamu, pea na pichi msimu ukifika. Nunua za njiani.

Mtae na Mambo kuna malazi ya kutosha kwa mtu asiyedai makubwa. Rangwi, wasafiri wa miguu hupokewa kwa masista, mahali safi na tulivu. Amani kuna nyumba za kupumzikia za hifadhi, juu Amani na chini Sigi, ambako ofisi ya taarifa iko ndani ya nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni, reli ya Kijerumani ilipofika hapo kuchukua mbao. Duka la Amani ni dogo. Ukihitaji kitu maalumu kitoe Muheza. Sigi iko chini na ina mbu, chandarua ni lazima.

Kulingana na hali yako

Una siku moja tu, au una watoto wadogo, au mzee: Irente. Panda asubuhi kwa bodaboda au gari, rudi kwa miguu ukishuka, kula shambani.

Una siku mbili Lushoto: Irente siku moja, Magamba siku ya pili. Anza na Magamba kama anga ni la mawingu, kwa kuwa msitu haupotezi kitu kwenye ukungu, na utunze siku ya anga safi kwa ajili ya ukingo.

Umechoka na makundi ya watu na unataka nchi kubwa mbele yako: Mtae au Mambo, usilale chini ya usiku mmoja, na uamke saa kumi na moja na nusu. Ukilala usiku mbili utaongeza nafasi ya kuiona Kilimanjaro.

Una siku nne na nguvu: tembea Lushoto hadi Mtae kupitia Rangwi, urudi kwa basi. Nakushauri uanze kwa kujaribu Magamba siku moja kwanza. Kama magoti yamelalamika hapo, yatakataa huko.

Unapenda mimea, ndege, vinyonga, au una wanafunzi wa biolojia: Amani, siku tatu zikiwezekana, na uombe mwongozaji anayeyajua majina ya miti. Mtu wa aina hiyo asiyeweza kufika Amani, Magamba itamfaa.

Unatokea Tanga mjini na una mapumziko ya mwisho wa juma tu: Amani iko karibu kuliko Lushoto kwa kilomita, lakini kama ni masika na huna gari la kupanda tope, nenda Lushoto kwa lami.

Una kizunguzungu cha urefu: Irente na Mtae utaziona bila kufika ukingoni kabisa, ila huenda usizifurahie. Mbomole ni kilima chenye mteremko wa taratibu, na njia za msituni Magamba hazina jabali la kukutisha.

Na popote utakapokwenda, siafu wapo msituni. Ingiza suruali ndani ya soksi, usisimame palipo na mstari mweusi unaotembea, na begi lako litundike kwenye tawi unapopumzika.